Fundi Ajibu: Kompyuta ya Gemu ya Kuunda Mwenyewe, Pesa Iende Wapi?

Maswali ya safari hii yanahusu kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu, ya bei ya kati, inayoundwa kipande kwa kipande. Maswali mengine tumeyafupisha. Majina ya wasomaji hatuyaweki, tunataja mji tu.

SWALI (Morogoro): Nimejichanga mwaka mzima. Nataka kuunda mashine ya kioo cha 1080p (nukta 1920 kwa 1080), nicheze EA Sports FC, GTA V, Counter-Strike 2 na gemu nzito moja moja. Rafiki yangu ananiambia ninunue prosesa kali kwanza, mengine yatafuata. Nianzie wapi?

JIBU: Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Counter-Strike 2 inakula prosesa, na kwenye gemu hiyo kadi ya picha ya kati mara nyingi hukaa inasubiri kazi. Lakini gemu nzito hukaba kadi ya picha. Ukiweka prosesa ya bei mbaya juu ya kadi dhaifu, utakuwa unashusha mipangilio ya picha mpaka watu waonekane kama sanamu za udongo.

Anza na kioo, kwa sababu kioo ndicho kinachosema kadi gani inatosha. Kwa 1080p, gawa pesa hivi: katika kila shilingi 100 (ukiacha kioo, kibodi na mausi), 38 ziende kwenye kadi ya picha, 17 prosesa, 12 madabodi (bodi kuu inayobeba vipande vyote), 13 RAM (kumbukumbu ya kazi), 8 SSD (diski ya kuhifadhi), 8 pawa saplai, na 4 kasha. Miaka michache nyuma RAM tungeipa 8 au 9 tu, ila mwishoni mwa 2025 bei zake zilipaa dunia nzima baada ya viwanda kuelekeza chipu kwenye vituo vya akili bandia. Kasha usilipe mgao mkubwa. Halichezi gemu.

Orodha tunayoiamini kwa kazi yako ni hii: prosesa Ryzen 5 5600, bodi ya B550, RAM ya DDR4 (kizazi cha kabla ya DDR5) vipande viwili vya GB 8 vyenye kasi ya 3200, kadi ya Radeon RX 6600 yenye GB 8, SSD ya NVMe ya TB 1, na pawa saplai ya W 550 ya kampuni inayoeleweka. Ukipata RTX 4060 au RX 7600 kwa nyongeza ndogo, chukua. Upande wa Intel, Core i5-12400F inakwenda sambamba na 5600. Ila hapo soma jina la bodi mpaka mwisho, kwani bodi za soketi (kiti cha prosesa) ya LGA1700 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukilazimisha.

Sasa kuna mtego. Dukani utaambiwa "5500 ni ile ile, na 5600G ina picha zake ndani, ni bora zaidi." Si ile ile. Ryzen 5 5600 ina MB 32 za kashe ya L3, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe; 5500 na 5600G zina MB 16, na kwenye gemu tofauti hiyo unaiona kwa macho. Tena zote mbili zinaishia PCIe 3.0, yaani kizazi cha zamani cha njia inayounganisha kadi na prosesa. RX 6600 inatumia njia 8 tu za PCIe badala ya 16, kwa hiyo kwenye 3.0 upana wake unakatwa nusu. Mara nyingi hutagundua, lakini gemu ikijaza zile GB 8 za kadi na kuanza kuchota data kwenye RAM, ndipo picha inaanza kushtuka-shtuka. Ndiyo maana pia tumeandika B550 na si A520 wala B450: hizo mbili nazo ni 3.0.

AM5, soketi mpya ya AMD, ni njia nzuri kwa mwenye nafasi. Ryzen 5 7500F au 7600 zina kasi zaidi, na AMD imesema itaendelea na soketi hiyo mpaka 2027 na kuendelea, kwa hiyo kesho utabadilisha prosesa bila kugusa bodi. Kasoro yake ni kwamba inakubali DDR5 peke yake. Kama kwenda AM5 kutakulazimisha kushuka daraja kwenye kadi ya picha, baki AM4, soketi ya ile Ryzen 5 5600.

SWALI (Mbeya): Nimeona tangazo: "Gaming PC, Core i7, RAM 16GB, graphics 4GB." Bei ni nusu ya kuunda mpya. Nichukue?

JIBU: Bado hujaambiwa kitu. "Core i7" ni jina la ukoo, na ndani ya ukoo kuna babu na wajukuu. Core i7-2600 ilitoka 2011, na leo Core i3-12100F yenye viini 4 tu inaiacha mbali. Mwambie muuzaji akutumie picha ya namba kamili ya prosesa. Kwenye namba za tarakimu nne, ile ya mwanzo ndiyo kizazi: 2600 ni cha pili, 4770 ni cha nne, 8700 ni cha nane. Chini ya kizazi cha nane Windows 11 haiitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kama unacheza Valorant ujue kabisa kwamba kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vitu viwili vya usalama vya mashine) viwe vimewashwa.

Nayo "graphics 4GB" inataja ukubwa wa kumbukumbu, haitaji nguvu. GT 730 ya 2014 iliuzwa hadi ikiwa na GB 4, na gemu ya leo haiiwezi. Ni sawa na kukuuzia gari kwa kutaja ukubwa wa tenki la mafuta.

SWALI (Nairobi): Kadi mpya zimenishinda bei. Nikienda kutafuta ya mtumba, nitajuaje kwamba siuziwi takataka? Na ile ya "mining" (iliyotumika kuchimba sarafu za kidijitali) ni ya kukimbia?

JIBU: Mtumba kwenye kadi ya picha unalipa kuliko kwenye kitu kingine chochote, mradi uione ikifanya kazi kabla hujatuma pesa. Muuzaji anayesema "ipeleke nyumbani ukaijaribu, ikikataa turudiane" mshukuru, kisha nenda duka la pili.

Beba flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ndogo na ya bure. Ifungue kadi ikiwa imechomekwa. Kuna kadi za zamani za NVIDIA ambazo BIOS yake (programu ya ndani inayoamsha kifaa) imeandikwa upya ili zijitaje kwa jina la kadi mpya, na hizo GPU-Z, tangu toleo la 2018, huziwekea neno FAKE mbele ya jina. Angalia pia idadi ya "shaders", yaani viini vya kuchora picha. RX 580 halisi ina 2304. Ile iliyoandikwa 2048SP, nguvu yake ni ya RX 570. GTX 1060 ya GB 6 ina 1280, ya GB 3 ina 1152, kwa hiyo tofauti yake si kumbukumbu peke yake. Ukikuta P106-100, geuza uangalie nyuma: haina tundu hata moja la kuchomeka kioo, ilitengenezwa kwa uchimbaji tu.

Halafu iendeshe. Dakika 15 za FurMark (programu ya kuibana kadi) au gemu nzito zinatosha, huku ukitazama joto na kusikiliza feni. Madoa ya rangi, vimiraba vinavyometameta au kioo kuzima ghafla ni dalili kwamba kumbukumbu za kadi zimeumia. Kama joto la chipu ni 70 na la "hot spot" (sehemu yake yenye joto kuliko zote) limefika 105, grisi ya joto, ile inayokaa kati ya chipu na chuma cha kupoza, imekauka. Hiyo si kufa, lakini punguza bei. Tazama skrubu nne zinazozunguka chipu kwa nyuma. Zikiwa zimekwaruzwa, kadi imeshafunguliwa, basi uliza kwa nini. Mafuta yanayotoka pembeni ya pedi za joto ni ya kawaida kwa kadi iliyochoka, lakini kutu kwenye bati la matundu ya HDMI inaonyesha ilikaa kwenye unyevu, na hiyo tungeirudisha mezani.

Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi za picha ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zikaingia sokoni. Iliyochimba si lazima iwe mbovu. Chipu huwa nzima, kinachochoka ni feni na pedi, na hivyo hubadilishwa. Tunaogopa zaidi kadi iliyopita mikononi mwa fundi wa kuichoma chipu kwa hewa ya moto ili "ifufuke". Hiyo hufufuka wiki tatu.

Jambo moja la kuzingatia mwaka huu: GTX 1060, 1070 na 1080 bado zinacheza vizuri, lakini NVIDIA ilifunga draiva (programu za kuendesha kadi) mpya za gemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. Kwa bei ndogo sawa. Ila usiinunue kwa bei inayokaribia RX 6600.

SWALI (Dodoma): Ninayo Dell OptiPlex nyembamba ya ofisini. Naweza kuweka kadi ya picha nikaiita ya gemu?

JIBU: Unaweza, ila kwa mipaka. Pawa saplai yake haina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itategemea W 75 zinazotoka kwenye tundu la PCIe peke yake, na kasha jembamba linataka kadi fupi ya "low profile". Zinazofaa ni GTX 1650 ya aina hiyo isiyo na tundu la waya, au RTX 3050 ya GB 6 inayotumia W 70. RX 6400 inaingia, lakini ina njia 4 tu za PCIe, na kwenye mashine ya 3.0 inabanwa sana.

Usipange kuiboresha kidogo kidogo mpaka iwe mashine kamili. Kwenye nyingi ya mashine hizi soketi za umeme na umbo la bodi ni vya Dell wenyewe. Pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta, na bodi haihami kwenda kasha lingine. RAM na SSD ndivyo utakavyohama navyo.

SWALI (Mwanza): Dukani wananiuzia kasha pamoja na pawa saplai ya W 600 kwa bei chee. Umeme wa kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Hiyo inatosha? Na UPS (betri ya dharura) ninunue ya ukubwa gani?

JIBU: Acha hiyo pawa saplai ibaki dukani, kasha uchukue kama wanakubali kuvitenganisha. Swali lako tutalijibu kwa kirefu, maana hapa ndipo mashine nyingi hufia.

Igeuze usome lebo. Prosesa na kadi ya picha vinakula mstari wa V 12, kwa hiyo tafuta ampea za mstari huo kisha zidisha kwa 12. Ukiona 12V 18A, hiyo ni W 216, hata kama pembeni wameandika 600 kwa herufi za dhahabu. Pawa saplai ya kweli ya W 550 itaonyesha ampea 40 na zaidi kwenye V 12. Ishike mkononi pia. Ikiwa nyepesi kama kopo tupu, ndani hakuna koili wala kapasita za maana.

Tazama nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115/230. Swichi hiyo mara nyingi ni alama ya muundo wa zamani. Mtoto akiisukuma kwenye 115 halafu ukawasha kwenye umeme wetu wa V 230, utasikia mlio kama wa baruti na chumba kitanuka. Pawa saplai nzuri za siku hizi zinakubali V 100 hadi 240 zenyewe, hazina swichi ya namna hiyo.

Alama ya 80 Plus Bronze ni nzuri kuwa nayo, lakini ielewe. Inapima umeme unaopotea kama joto (Bronze inabaki na angalau asilimia 85 ikiwa katikati ya mzigo wake), haipimi ulinzi wala umri wa kapasita. Waranti ya miaka 5 inakuambia zaidi kuliko alama.

Hesabu ya mzigo ni rahisi. RX 6600 ni W 132, Ryzen 5 5600 inafika W 76 ikibanwa, bodi, RAM, SSD na feni tuseme 50. Jumla W 258. W 550 inakuachia nafasi ya kadi kubwa baadaye, na inafanya kazi katikati ya uwezo wake bila kupiga kelele.

UPS inauzwa kwa VA, nawe unataka W. Nyingi zilizoandikwa VA 650 zinatoa W 360 hadi 390 tu. Mzigo wako ukutani, pamoja na kioo cha W 25 na umeme unaopotea ndani ya pawa saplai, ni kama W 330. VA 650 itakuwa ukingoni na betri ikizeeka itaangusha. Chukua VA 1000 yenye W 600. Usitegemee kuendelea kucheza. Ni dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Na usichomeke printa ya leza humo, inavuta kwa mkupuo.

Jaribu UPS na pawa saplai pamoja kabla ya kuamini ndoa yao. UPS za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme zikiwa kwenye betri, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi wimbi lile la ngazi-ngazi: umeme ukikatika, kompyuta nayo inazima kana kwamba hakuna UPS. Washa gemu, kisha chomoa UPS ukutani ukiwa bado ndani ya siku za kurudisha mali.

Kishindo cha umeme kurudi kinahitaji dawa yake. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha, kinaweza kukaa mbele ya UPS. Stabilaiza inasawazisha volti ila haina betri, kwa hiyo haichukui nafasi ya UPS.

SWALI (Tanga): Mimi ni mama wa kijana aliyemaliza kidato cha sita. Nilimuahidi kompyuta. Orodha yake ina mfumo wa kupoza kwa maji, feni sita za taa na kasha la kioo kila upande. Anasema atasomea humo pia. Nikate nini, na LUKU itanila?

JIBU: Shikamoo mama. Kata maji kwanza. Ryzen 5 5600 inauzwa na feni yake ndani ya boksi na haizidi W 76. Akiona kelele zimezidi, hitsinki (chuma cha kupoza prosesa) ya kawaida yenye feni ya milimita 120 inatosha kabisa. Kupoza kwa maji kunaongeza pampu, na pampu ni kitu kimoja zaidi cha kufa.

Kasha la vioo mbele nalo mkatalie. Kwa joto la pwani, hewa iingie kwa wavu: feni mbili mbele zinavuta, moja nyuma inatoa. Chumba cha nyuzi 32 kinaongeza kama nyuzi 10 juu ya kile kinachoandikwa na watu wanaopimia kwenye nyuzi 22, na prosesa hiyo inajipunguza kasi ikikaribia 90. Mashine isikae chini ya dirisha linalotazama bahari. Chumvi na unyevu hula miguu ya chipu taratibu. Vumbi apulize kila baada ya miezi miwili au mitatu, akizuia feni kwa kidole zisizunguke kwa upepo huo.

Pesa itakayobaki iongeze kwenye kadi, na hapa muulize atasomea nini. Kama ni usanifu wa 3D kwa Blender, kuhariri video au kujifunza akili bandia, aiache RX 6600 na achukue RTX 3060 ya GB 12. Programu nyingi za kazi hizo zinatumia CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuipa kadi kazi za hesabu, na zile GB 12 zinabeba kazi ambayo GB 8 zinaitema.

LUKU: akicheza, mashine na kioo vitakula kama W 300, yaani uniti 0.3 kwa saa. Saa 4 kila siku kwa siku 30 ni uniti 36. Akisoma au kuandika ni chini ya theluthi ya hapo. Kama nyumba yenu iko kwenye daraja la D1, la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hizo 36 zinaweza kuwatoa huko. Kaeni mezani mkubaliane saa kabla ya kununua.

SWALI (Unguja): Kaka yangu yuko Muscat, anarudi likizo. Vipande gani nimuagize?

JIBU: Prosesa, RAM, SSD na kadi ya picha, vyote kwenye begi la mkononi. Ongeza pawa saplai nzuri hata kama ni nzito, kwa sababu hiyo ndiyo adimu zaidi huku. Oman wanatumia V 240 na plagi ya pini tatu za mraba kama sisi, hakuna cha kubadilisha. Kasha na kioo nunua hapa. Prosesa ya AM4 isitoke kwenye kiota chake cha plastiki: ina pini 1331 chini yake, na moja ikipinda utakuwa unainyoosha kwa sindano usiku kucha. Risiti aziweke, za forodha na za waranti, maana waranti nyingi zitakudai urudishe mzigo ulikonunuliwa.

SWALI (Mombasa): Nimeunganisha kila kitu: Ryzen 5 5600, bodi ya B450, RX 6600. Feni zote zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo ni cheusi. Nimeua nini?

JIBU: Huenda hujaua chochote. Kwanza tuondoe makosa ya dakika moja. Waya wa kioo uwe kwenye kadi ya picha, si kwenye bodi. Prosesa yako haina picha zake, kwa hiyo tundu la HDMI la bodi ni pambo. Kisha tazama juu kushoto mwa bodi: kuna tundu la pini 8 la umeme wa prosesa, na waya wake umegawanyika 4+4. Bila huo feni zinazunguka na hakuna kinachoamka. Usiuchanganye na ule wa kadi ya picha uliogawanyika 6+2. RAM ziwe kwenye tundu la pili na la nne kutoka kwenye prosesa, zisukumwe mpaka klipu ilie "tik". Wengi huogopa kusukuma na kuziacha zikining'inia kwa milimita moja.

Vyote vikiwa sawa, mshukiwa wetu ni BIOS. Bodi za B450 zilitoka 2018, na zilizokaa stoo muda mrefu hazimjui mtoto aliyezaliwa 2022 kama prosesa yako. Angalia boksi kama kuna stika ya "Ryzen 5000 Desktop Ready". Kama haipo, tafuta nyuma ya bodi kitufe cha Flashback, cha kusasisha BIOS bila prosesa. Ukikipata, umeokoka: pakua BIOS ya bodi yako hasa kutoka kwa mtengenezaji, weka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, badilisha jina la faili kama kitabu kinavyosema, chomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, bonyeza kitufe na usubiri taa iache kumetameta. Inaweza kufika dakika 8. Umeme usikatike katikati, kwa hiyo fanya ukiwa kwenye UPS. Bodi isiyo na kitufe hicho inahitaji kuazima Ryzen ya zamani, kama 2600, uwashe nayo, usasishe, kisha urudishe yako.

Utakapoitoa prosesa, kuwa mwangalifu. Kwenye AM4 grisi iliyokauka huishika prosesa kwenye hitsinki, na ukivuta moja kwa moja inang'oka pamoja na pini zake huku mkono wa soketi ukiwa bado umefungwa. Legeza skrubu nne kwa mshazari, zungusha hitsinki taratibu kulia na kushoto mpaka usikie imeachia, ndipo uinue. Kurudisha, futa grisi ya zamani na uweke mpya ya ukubwa wa punje ya dengu.

Kama bado ni giza, toa kila kitu kwenye kasha, laza bodi juu ya boksi lake la karatasi, na uwashe kwa prosesa, RAM moja na kadi ya picha tu. Ikiwaka hapo, tatizo liko kwenye kasha: mara nyingi ni kijiti cha shaba cha kushikilia bodi kilichobaki chini ya bodi mahali pasipo na tundu, kinagusa njia za umeme kwa nyuma.

SWALI (Kigoma): Mashine yangu ina RAM GB 16 na kioo cha 144Hz (picha 144 kwa sekunde). Mbona gemu zinakwama-kwama na rafiki yangu mwenye vipande vile vile yuko laini?

JIBU: Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Ukiona "Slots used: 1 of 4", una kipande kimoja cha GB 16 kinachopita njia moja, wakati mwenzako ana viwili vya GB 8 vinavyopita njia mbili. Tafuta kipande cha pili kinachofanana. Mtumba wa RAM hauna shida, ila kataa za seva zenye chipu ya ziada katikati, zile "registered": zinaingia kwenye tundu lakini haziwaki kwenye bodi yako.

Hapo hapo soma kasi. Ikiwa 2133 au 2400 na ulinunua 3200, ingia BIOS kwa kitufe cha Delete wakati wa kuwasha na uwashe XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili), ambayo bodi nyingine huiita DOCP. Hakuna duka linalokuwashia. Ikikataa kuwaka baada ya hapo, bodi nyingi hujirudisha zenyewe baada ya majaribio machache. Isipojirudisha, zima ukutani, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5, kisha jaribu 3000 kwa mkono.

Na kioo chako huenda bado kiko 60. Windows haikipandishi yenyewe kila mara: Settings, System, Display, Advanced display, chagua 144. Isipoonekana kwenye orodha, badilisha waya, tumia DisplayPort.